Kadi Imegoma, Pesa Imekatwa: Jinsi ya Kumjua Aliyekukata

Malalamiko mengi ya kadi za benki hukwama kwa sababu yamepelekwa kwa mtu asiyehusika. Mteja anamgombeza keshia wa supamaketi kwa pesa ambayo bado iko benki kwake. Mwingine anaipigia benki kila mwezi kuhusu huduma ya mtandaoni ambayo ni yeye tu anayeweza kuifuta. Wa tatu ameapa kuhama benki kwa ada iliyotozwa na ATM ya jirani.

Kila unapochanja kadi, muamala hupita kwa wahusika watano: muuzaji, benki iliyompa muuzaji ile mashine ya kuchanjia kadi (POS), mtandao wa kadi (Visa, Mastercard, UnionPay, au wa ndani kama UmojaSwitch), benki iliyokupa kadi, na serikali inayosubiri kodi yake juu ya ada. Yeyote kati yao anaweza kuwa chanzo cha makato au cha kugoma. Ukishamjua ni yupi, nusu ya kazi imekwisha. Mifano hapa ni ya Tanzania zaidi, lakini mashine na mitandao ni ile ile Nairobi, Kampala au Dubai.

Kabla ya yote: shika karatasi yenye msaada

SMS ya benki inakwambia kiasi na saa, basi. Haikuambii kama pesa imeondoka au imeshikiliwa tu, na mara nyingi haitenganishi ada na bei.

Ukinunua kitu dukani Tanzania unapewa karatasi mbili, na wengi huweka ile isiyowasaidia. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ni ya TRA, mamlaka ya mapato: inathibitisha kwamba muuzaji ameuza na kodi imeandikwa. Kwa benki haina habari nyingi. Unayoihitaji ni slipu ya POS, ile karatasi nyembamba inayotoka kwenye mashine ya kadi. Isome taratibu siku moja ukiwa huna haraka. Juu kuna jina la duka na namba ya mashine, TID. Katikati kuna tarakimu nne za mwisho za kadi yako, zilizobaki zimefichwa kwa nyota. Chini kuna RRN, namba ya kumbukumbu yenye tarakimu 12, na kama muamala umekubaliwa, kuna namba ya idhini yenye herufi au tarakimu sita. RRN ndiyo inayomwezesha ofisa wa benki kuupata muamala wako kati ya maelfu ya siku hiyo. Bila hiyo atakuuliza "ilikuwa saa ngapi, kiasi gani, duka gani", kisha ataanza kuwinda.

Slipu hizi huchapwa kwa joto, hivyo maandishi hufifia, hasa ukiiweka kwenye pochi kando ya simu au ukiiacha kwenye dashibodi ya gari. Ipige picha papo hapo.

"Imegoma, lakini SMS ya makato imeingia"

Hili ndilo tatizo linalowapandisha watu presha kuliko yote, kwa hiyo tulikalie kidogo.

Malipo mengi ya kadi huenda kwa hatua mbili. Kwanza mashine inaomba idhini: benki yako inaulizwa kama kadi ni hai na salio linatosha. Ikikubali, inakishikilia kile kiasi. Pesa bado ni yako kwenye vitabu, ila huwezi kuitumia, kama kitenge ambacho mwenye duka amekuwekea pembeni kwa jina lako: hakijauzwa, lakini hakuna mwingine anayeuziwa. Hatua ya pili huja baadaye, siku hiyo hiyo au siku kadhaa mbele, muuzaji anapofunga hesabu na madai kufika benki kwako. Hapo ndipo pesa inaondoka kweli.

Sasa fikiria mtandao unakatika katikati. Benki yako imekubali, imeshikilia pesa na kutuma SMS, lakini jibu halikuifikia mashine. Mashine inasubiri, inachoka, inaandika "DECLINED" au inasema hakuna mawasiliano. Keshia hadanganyi anaposema imegoma, na SMS yako nayo ni ya kweli.

Mashine ikipata mtandao tena inapaswa kutuma ujumbe wa kufuta ile idhini. Ujumbe ukifika, pesa inaachiwa ndani ya dakika au saa chache. Usipofika, pesa inabaki imeshikiliwa mpaka muda uliowekwa na benki yako uishe, ambao huweza kuwa siku kadhaa.

Njia rahisi ya kujua uko wapi ni kufungua programu ya benki na kulinganisha salio la kitabuni na salio unaloweza kutumia. Yakitofautiana kwa kiasi kile kile kilichogoma, pesa imeshikiliwa, haijaenda popote. Lakini ukiona muamala umekwisha kuandikwa kwenye taarifa ya akaunti na salio la kitabuni nalo limeshuka, hiyo ni habari nyingine: pesa imetoka, na inahitaji dai rasmi. Miamala mingine, hasa ya ATM na baadhi ya mitandao ya ndani, hukata moja kwa moja bila hatua ya kushikilia. Hiyo hurudi kama mstari mpya wa kuingiza pesa, kwa hiyo usitegemee ule mstari wa makato ufutike.

Kosa kubwa hufanyika pale kaunta, foleni ikiwa ndefu:

"Kaka, imegoma, ngoja nichanje tena."

"Subiri kidogo dada. Nitolee kwanza karatasi ya kugoma."

Mashine nyingi huchapa slipu hata muamala ukikataliwa, au zinaweza kuichapa tena ukiomba. Ukiwa nayo mkononi, lipa kwa njia nyingine, Lipa Namba au taslimu, na uondoke na ushahidi wako. Ukiruhusu kuchanja mara ya pili na ya tatu, kila jaribio linaweza kushikilia kiasi chake, na mtu mwenye laki tatu kwenye akaunti anajikuta hana hata nauli ya daladala kwa siku tatu, ingawa hakuna aliyemwibia.

Je, kama zote mbili zimekubaliwa na una slipu mbili za "APPROVED"? Hapo wa kumwona kwanza ni muuzaji, na siku hiyo hiyo. Kabla ya kufunga hesabu za siku, mashine ile ile inaweza kuubatilisha muamala na kiasi kikaachiwa. Akishafunga, hawezi tena kubatilisha. Lazima afanye marejesho, ambayo ni muamala mpya unaosafiri njia yote kurudi kwako. Tofauti kati ya kurudi dukani saa kumi na moja jioni na kurudi kesho asubuhi inaweza kuwa wiki nzima.

Hoteli na kampuni za kukodisha magari hushikilia pesa makusudi, kama dhamana. Ukiingia hotelini wakachanja kwa kiasi kikubwa kuliko bei ya chumba, uliza: "Hii ni malipo au mmeshikilia tu?" Ukitoka, omba wafute ule ushikiliaji, usiondoke na ahadi ya mdomo. Wasipofuta, pesa inaweza kukaa imefungwa kwa wiki kadhaa huku wewe umeshalipa bili nyingine kamili. Kwa sababu hiyo mimi dhamana ya hoteli naipendelea taslimu kuliko kadi ya akaunti ninayopokelea mshahara.

ATM imehesabu, pesa haikutoka

Usiondoke upesi. Mashine nyingi hutoa noti zikiwa zimechelewa, na ukiziacha mdomoni kwa muda, huzirudisha ndani. Subiri mpaka skrini irudi mwanzo. Andika saa kamili, namba ya ATM (huwa imebandikwa juu ya mashine au iko kwenye risiti) na kiasi.

Kama ATM ni ya benki yako, dai ni jepesi: mashine ina kumbukumbu ya kila hatua, na wakiifungua kuhesabu fedha, kiasi chako kitaonekana kama ziada. Kama ni ya benki nyingine, bado unadai kwenye benki yako, si kwa wenye mashine. Benki yako ndiyo itakayowauliza wao. Inachukua muda zaidi, na mlinzi wa pale nje hawezi kukusaidia hata akikuhurumia vipi.

Noti kubwa kuliko zote Tanzania ni ya shilingi 10,000, na mdomo wa ATM una kikomo cha noti unachoweza kutoa kwa mkupuo. Mashine zisizo chache huishia laki nne, yaani noti 40. Mtu anayehitaji milioni moja anatoa mara tatu, na analipa ada mara tatu. Huyo angeona nafuu kwenda dirishani au kuhamisha kwa simu. Linganisha kwanza kwenye jedwali la ada la benki yako.

Salio lipo, kadi inakataa

Mashine zina namba za kujieleza. Zikiandikwa kwenye slipu au keshia akizisoma kwenye skrini, zinakuokoa na kubahatisha. 51 ni salio pungufu. 54 ni kadi iliyoisha muda. 55 ni namba ya siri isiyo sahihi, na 75 ni kwamba umeikosea kupita idadi inayoruhusiwa, kwa hiyo acha kujaribu. 57 inasema kadi yako hairuhusiwi muamala wa aina hiyo. 61 ni kwamba umevuka kikomo cha kiasi cha siku. 91 inamaanisha benki yako haipatikani, ndiyo ile "mtandao uko chini", na dawa yake ni kusubiri. 05 ndiyo ya kuudhi: benki imekataa na haikusema sababu. Kwa 05 piga huduma kwa wateja, maana mara nyingi ni mfumo wa kuzuia wizi uliostuka.

Ukipata 51 na unaona pesa ipo, angalia mambo mawili: kiasi kilichoshikiliwa na muamala mwingine, na kiwango cha chini ambacho akaunti yako hairuhusiwi kukivuka. Vyote viwili vipo kwenye salio la kitabuni lakini havitumiki.

Kwa manunuzi ya mtandaoni, sababu ya kawaida kabisa ni kwamba benki nyingi za kwetu huzima malipo ya mtandaoni au ya nje ya nchi kwenye kadi mpya mpaka mteja ayawashe mwenyewe kwenye programu au tawini. Hiyo ndiyo 57 nyingi. Sababu ya pili ni namba ya simu. Tovuti zinazotumia uthibitisho wa ziada zinakutaka uandike namba iliyotumwa kwa SMS. Kama benki bado ina laini yako ya zamani uliyoiacha, ujumbe unaenda kwa mwingine au hauendi popote, na muamala unakufa kwa kuchelewa. Kwa hiyo sahihisha kwanza namba yako ya simu benki.

Kadi inayokubali kwenye ATM za ndani tu na kugoma kila mahali pengine, igeuze utazame nembo. Namba ya Visa huanza na 4, ya Mastercard na 5 au 2, ya UnionPay kwa kawaida na 62. Kama haina nembo ya mtandao wa kimataifa, haikuharibika. Iliundwa hivyo, na hakuna fundi atakayeifanya ilipie tovuti ya ng'ambo.

Makato madogo madogo yasiyoeleweka

Chapisha au pakua taarifa ya akaunti ya miezi mitatu, chukua kalamu, zungushia kila mstari ulio chini ya shilingi elfu tano. Utashangaa.

Kuna ada ya mwaka au ya mwezi ya kadi. Kuna ada ya kutoa pesa ATM, kubwa zaidi kwa ATM ya benki nyingine. Kuna ada ya kuangalia salio na kuchukua taarifa fupi kwenye ATM, ambayo watu huilipa bure wakati programu ya simu inawaonyesha kitu kile kile. Kuna ada ya SMS, ya kadi mpya iliyopotea, ya kubadili namba ya siri. Na zipo benki zinazotoza hata muamala uliokataliwa, hasa kwenye ATM za wengine au nje ya nchi. Hii ya mwisho ndiyo inayomtafuna mtu mwenye huduma ya mtandaoni inayojaribu kukata kadi isiyo na salio, inagoma, inajaribu tena kesho.

Halafu kodi. Tanzania Bara, ada ya benki hubeba ushuru wa bidhaa wa asilimia 10, na VAT, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18, hukokotolewa juu ya jumla hiyo. Tuseme jedwali linaonyesha ada ya shilingi 1,000 bila kodi. Weka ushuru, inakuwa 1,100. Weka VAT, inakuwa 1,298. Ndiyo maana ada "ya elfu moja" inaonekana kwenye taarifa kama elfu moja mia tatu kasoro, wakati mwingine ikiwa imegawanywa mistari miwili mitatu. Chini ya jedwali la ada huwa kuna sentensi ndogo inayosema kama bei zina kodi ndani au la. Anza kusoma hapo. Na tozo ya serikali kwenye miamala, iliyoanza 2021 kwa fedha za simu na kuingia benki 2022, imerekebishwa mara kadhaa tangu hapo, kwa hiyo usimwamini mtu anayekutajia viwango kwa kumbukumbu.

Muuzaji anayekuambia "ukilipa kwa kadi tunaongeza asilimia tatu" anajaribu kukuhamishia gharama ambayo benki yake humkata yeye kwa kila malipo. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya zilipiga marufuku nyongeza hiyo Januari 2018 kwa kadi za wateja wa kawaida. Huku, uliza kabla ya kuchanja. Ikishachanjwa kwa ridhaa yako, benki haina la kukurudishia.

Bei ilikuwa dola 10, imekatwa zaidi ya elfu thelathini

Chukulia huduma ya dola 10 kwa mwezi. Umeangalia mtandaoni, dola ni shilingi 2,500, ukatarajia 25,000. Imekatwa 31,114. Viwango hivi ni vya mfano, ila hesabu yenyewe ndivyo inavyokwenda.

Kwanza VAT. Tangu Julai 2022 huduma za kielektroniki zinazouzwa Tanzania na kampuni za nje zinatozwa VAT, na kampuni zilizosajiliwa huiongeza kwenye bili. Kwa asilimia 18, dola 10 zimekuwa 11.80. Pili kiwango cha kubadilishia. Ile 2,500 uliyoiona ni ya katikati ya soko, na hakuna anayekuuzia dola kwa bei hiyo. Tuseme kilichotumika ni 2,560: tumefika 30,208. Tatu, benki nyingi huongeza asilimia kadhaa kwa muamala wa fedha za kigeni. Kwa asilimia 3 ni shilingi 906. Jumla, 31,114. Katika zile 6,114 za ziada, 4,500 hivi ni kodi, 906 ni ya benki, na 708 ni tofauti ya kiwango. Kwa hiyo anayehama benki kwa hasira atakuwa amekimbia sehemu ndogo ya tatizo.

Kiwango kinachohesabika aghalabu ni cha siku madai yalipofika, wala si cha siku uliyobonyeza. Hivyo kiasi kilichoshikiliwa na kiasi kilichokatwa mwishoni vinaweza kupishana kidogo bila yeyote kukudhulumu. Vivyo hivyo kwa marejesho: ukirudishiwa dola 50 wiki mbili baadaye, shilingi zitakazoingia huenda zisilingane na zilizotoka.

Ukiwa na akaunti ya dola, omba kadi iliyofungwa kwenye akaunti hiyo kwa malipo ya dola. Kadi ya shilingi kulipia dola na kadi ya dola kulipia shilingi zote zinakubadilishia pesa kwa gharama yako.

Dubai na Guangzhou

Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaijua skrini hii: unalipa Deira, mashine inauliza, "Ulipe kwa AED au TZS?" Shilingi inavutia kwa sababu unaielewa. Chagua dirhamu. Ukichagua shilingi, anayebadilisha ni benki ya mwenye duka kwa kiwango chake mwenyewe, na humo amejiwekea faida. Ukichagua fedha ya nchi uliyopo, kubadilisha kunafanywa na mtandao wa kadi na benki yako, na kwa kawaida ni nafuu. ATM za ng'ambo nazo huuliza hivyo hivyo, tena kwa maneno ya kutisha kana kwamba ukikataa muamala utafutwa. Kataa ubadilishaji, muamala utaendelea. Dirhamu imefungwa kwa dola tangu 1997, 3.6725 kwa dola moja, kwa hiyo ukijua bei ya dola yako unaweza kukokotoa mwenyewe ukiwa umesimama pale pale kaunta.

ATM ya nje inaweza pia kukuongezea ada yake, ambayo huionyesha kwenye skrini kabla hujakubali. Hiyo iko juu ya ada ya benki yako. Utakuta mistari miwili, na yote ni halali.

China ni habari tofauti. Maduka mengi ya Guangzhou hayana haja na kadi ya Visa mkononi. Yanataka Alipay au WeChat. Tangu Julai 2023 unaweza kuingiza kadi ya kigeni kwenye programu hizo. Malipo ya yuan 200 au pungufu hayana ada yao, na ya zaidi ya hapo hukatwa asilimia 3. Kwa mzigo mkubwa wa bidhaa, kadi si njia yake. Fanya uhamisho wa benki.

Huduma ya kila mwezi inaendelea kukata

Kufuta programu kwenye simu hakufuti malipo. Lazima uingie kwenye akaunti yako ya huduma ile, au kwenye duka la programu uliponunulia, ubonyeze kusitisha, kisha utunze barua pepe ya uthibitisho. Jaribio la bure likiomba kadi, litakapoisha litakata. Dola moja inayokatwa na kurudi siku ya kujiunga ni ya kupima tu kama kadi ni hai.

Wengi huuliza, "Si nibadilishe tu kadi?" Haitoshi. Mitandao ya kadi ina huduma za kuwapelekea wauzaji namba mpya pale benki yako na ya muuzaji zinaposhiriki, na malipo ya kujirudia hayaombi namba ya SMS kila mwezi. Kuacha akaunti tupu nako hakufuti deni, na kunaleta zile ada za kukataliwa nilizozitaja.

Ninachopendekeza ni kutenga. Usitumie kadi ya akaunti ya mshahara mtandaoni. Fungua akaunti ndogo ya pili, au tumia kadi ya mtandaoni isiyo na plastiki, uiwekee kiasi cha bili za mwezi tu. M-Pesa ya Kenya ilianzisha yake ya Visa, GlobalPay, mwaka 2022, na Tanzania nazo kampuni za simu zina za aina hiyo. Namba yake ikivuja, anayeikuta hakuti kitu.

Muuzaji anasema amerudisha, wewe huoni

Muulize muuzaji ARN, namba ya tarakimu 23 inayoambatana na marejesho. Akishindwa kuitoa, inawezekana kabisa hajarejesha. Akiitoa, ipeleke benki yako waitafute. Kadi uliyolipia ikiwa imeisha muda au imebadilishwa, usihofu, mradi akaunti ni ile ile pesa huingia humo.

Muamala usioujua kabisa

Zuia kadi kwanza kwenye programu, uchunguze baadaye. Majina kwenye taarifa ya akaunti huweza kuwa ya kampuni mama badala ya duka ulilolizoea, kwa hiyo linganisha kiasi na tarehe kabla ya kupiga kelele. Lakini ukiona kiasi kidogo cha ajabu, dola moja au mbili kutoka nchi usiyoijua, chukulia kwamba mtu anajaribu kadi kabla ya kuvuta kikubwa. Anayepiga simu akijiita wa benki na kuomba namba uliyotumiwa kwa SMS ni tapeli, hata akikutajia jina lako kamili na tawi lako.

Dai liandikwe, lisiishie kwenye simu. Peleka fomu ya benki ikiwa na RRN, picha ya slipu na nakala ya taarifa ya akaunti, upewe namba ya malalamiko. Kwa madai mengi kanuni za Visa na Mastercard hutoa siku 120, lakini benki yako inahitaji muda wa kuandaa, na ushahidi wa ATM haukai milele, kwa hiyo peleka wiki hiyo hiyo. Benki ikikuzungusha, Benki Kuu ya Tanzania hupokea malalamiko ya wateja chini ya kanuni za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha za 2019. Watakuuliza kwanza kama ulishalalamika kwa benki yako kwa maandishi, na hapo ndipo ile namba ya malalamiko inapohitajika.

Kadi uliyoisahau

Akaunti ya kazi ya zamani, kadi iko droo ya chini, salio lilikuwa elfu kumi na mbili. Ada za mwezi na za kadi zimekuwa zikiingia, salio likaisha, na kwenye benki nyingine linashuka chini ya sifuri. Ukija kuweka pesa miaka miwili baadaye, inamezwa. Kama huihitaji, nenda tawini na kitambulisho, lipa kinachodaiwa, sitisha kadi na ufunge akaunti kwa barua, ukabaki na nakala iliyopigwa mhuri. Kisha kata kadi kwa mkasi ukipitisha katikati ya chipu, maana kukata pembeni kunaacha chipu nzima.